Mchango wa Parokia na Viza ya Mwanafunzi

Mazungumzo kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili



Tumeombwa tuzungumzie jambo ambalo kamati nyingi zinalifahamu. Kijana wa parokia amepata nafasi katika chuo kikuu Uingereza. Barua imesomwa kanisani, akina mama wamepiga vigelegele, na sasa inatakiwa viza. Hapo kamati nyingi husema: sisi tunachangisha, mambo ya viza ni ya kijana mwenyewe. Ndugu zetu, mambo haya mawili hayatenganiki. Namna tunavyochangisha, na wakati tunaochangisha, vinaweza kuamua kama kijana ataondoka au atabaki nyumbani na barua yake mkononi.

Tuanze na fedha zenyewe. Mwombaji anatakiwa kuonyesha ada ya mwaka wa kwanza ambayo bado hajailipa, pamoja na fedha za kujikimu kwa muda usiozidi miezi 9. Kuanzia tarehe 11 Novemba 2025 kiwango cha kujikimu kiliwekwa kuwa pauni 1,529 kwa mwezi kwa anayesoma London, na pauni 1,171 kwa anayesoma nje ya London. Kwa miezi 9 nje ya London hizo ni pauni 10,539, mbali na ada ya chuo.

Haitoshi fedha hizo kuwepo siku ya kutuma ombi. Zinatakiwa zikae benki siku 28 mfululizo bila kupungua hata siku moja, na taarifa ya benki iwe imeishia ndani ya siku 31 kabla ya ombi kutumwa. Salio likishuka chini ya kiwango siku ya 20, hesabu inaanza upya. Tena akaunti zetu nyingi ni za shilingi, na shilingi hupanda na kushuka. Ni busara kuweka ziada kidogo.

Jambo la pili ni jina lililo kwenye akaunti. Inakubalika akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi au mlezi wake wa kisheria, ikiambatana na cheti cha kuzaliwa au hati ya ulezi na barua ya ridhaa. Kwetu baba mkubwa ni baba, na mama mdogo ni mama. Kwa afisa wa viza sivyo. Fedha zilizo kwenye akaunti ya mjomba, hata kama ndiye aliyemsomesha kijana tangu darasa la kwanza, hazitahesabiwa kama si mlezi wa kisheria.

Na parokia je? Wadhamini rasmi wanaotambuliwa ni kama serikali, vyuo vikuu, na kampuni au mashirika ya kimataifa. Kamati ya parokia haimo. Kwa hiyo barua yenye mhuri isemayo "tutamlipia" haiwezi kuchukua nafasi ya fedha, na fedha zilizo kwenye akaunti ya parokia ni kama hazipo.

Njia zilizo wazi ni mbili. Ya kwanza ni kulipa ada moja kwa moja chuoni. Chuo huandika kiasi kilicholipwa kwenye uthibitisho wa kumpokea mwanafunzi, unaoitwa kwa kifupi CAS, na kiasi hicho hupunguzwa kwenye fedha za kuonyesha. Ya pili ni kuhamishia fedha za kujikimu kwenye akaunti ya kijana mapema, huku mukhtasari wa kikao na stakabadhi za michango vikitunzwa. Akiulizwa fedha zimetoka wapi, aweze kujibu kwa ukweli na kwa karatasi.

Tatu ni kalenda. Vijijini watu wengi hutoa michango baada ya mavuno, Julai au Agosti. Masomo mengi ya Uingereza huanza Septemba. Hesabuni kurudi nyuma: majibu ya viza kwa kawaida huchukua wiki 3, kabla yake zipo siku 28 za benki, na kabla yake kuhamisha fedha. Kipimo cha kifua kikuu katika kliniki iliyoidhinishwa nacho kinahitaji siku zake. Anayekusudia kuondoka Septemba anahitaji fedha benki kufikia Juni. Hivyo mavuno yatakayomsafirisha ni ya mwaka uliotangulia. Wafadhili wetu, ahadi inayotimizwa Septemba ni njema, lakini haimsaidii aliyetakiwa kuwa na taarifa ya benki mwezi Julai.

Nne, bajeti ihesabu yanayosahauliwa. Ada ya ombi la viza ilipandishwa kutoka pauni 490 hadi 524 mwezi Aprili 2025, na hubadilika mara kwa mara. Tozo ya huduma ya afya ilikuwa pauni 776 kwa mwaka kuanzia Februari 2024, nayo hulipwa kwa mkupuo kwa kipindi chote cha viza. Ombi likikataliwa, tozo ya afya hurudishwa. Ada ya ombi hairudi. Pia, tangu Januari 2024 wanafunzi wengi wa shahada ya uzamili ya kawaida hawaruhusiwi kufuatana na mwenzi wala watoto. Familia ielezwe mapema.

Tano, na hili tunalisema kwa mkazo: ukweli. Wapo wanaoshauri kuazima fedha kwa tajiri, kuzionyesha, kisha kuzirudisha. Wapo wanaoomba paroko aandike kwamba kijana ni mwajiriwa wa parokia, ilhali sivyo. Mwombaji akigundulika amedanganya au ametumia hati za uongo, anaweza kufungiwa kuingia Uingereza kwa miaka 10. Tunayemhurumia leo kwa barua ya uongo ndiye tutakayekuwa tumemfungia mlango. Kumwambia asubiri mwaka mmoja, aombe chuo kimsogezee nafasi, ni huruma iliyo bora zaidi.

Kwa hiyo tunaziomba kamati zifanye mambo matatu. Muulizeni kila kijana anayeomba chuo nje mapema, kabla barua haijafika. Wekeni tarehe ya mwisho ya michango inayofuata kalenda ya viza. Na mteueni mjumbe mmoja anayeelewa mambo ya benki afuatane naye hatua kwa hatua, akisoma kanuni za wakati huo, maana viwango hivi hubadilika.

Mjane aliyetoa shilingi elfu mbili kanisani ametoa ili kijana akasome. Tusiache sadaka yake ikwame kwa sababu ya akaunti isiyo sahihi au wiki tatu za kuchelewa.