Tiba kwa Amri ya Mahakama: Deni la Dola kwa Kijana Aliyefungiwa



Kijana wa miaka 16 akiua, akibaka au akivamia watu kwa silaha, jaji ana maswali mawili mbele yake: kijana huyu ametenda nini, na akitoka atakuwa mtu wa namna gani. Swali la kwanza hujibiwa na adhabu. La pili Uholanzi imelitafutia njia yake. Tangu mageuzi ya mwaka 1995, jaji wa huko anaweza kuamuru kijana apelekwe katika taasisi yenye ulinzi akatibiwe, kwa amri inayojulikana kwa kifupi kama PIJ. Haiamuriwi hivi hivi: lazima jaji apate ushauri wa wataalamu wasiopungua wawili wa fani tofauti, na aridhike kwamba usalama wa watu unaidai na makuzi ya kijana yanaihitaji. Chini ya sheria ya vijana, kifungo cha mwenye miaka 16 au 17 hakizidi miezi 24. PIJ ni ya miaka 3, mwaka wa mwisho ukitumikiwa nje kwa masharti. Lakini maradhi ya akili au kasoro ya makuzi ikiendelea kumfanya kuwa hatari, mahakama inaweza kuirefusha hadi miaka 7. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuipita kimya. Dola inauchukua ujana wa mtu kupita adhabu ya kosa lake kwa sababu imeahidi kumtibu. Hoja yangu ni kwamba ahadi hiyo ni deni la kisheria, na dola isiyolilipa haina haki ya kuendelea kumshikilia.

Kabla ya kudai deni ni lazima tujue kama linalipika. Wapo wanaoamini kwamba vijana wa aina hii, hasa wale wasioonyesha huruma wala hofu, hawatibiki. Ushahidi mzito zaidi dhidi ya imani hiyo unatoka Madison, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, kwenye kituo cha Mendota kilichoanza mwaka 1995 ndani ya hospitali ya magonjwa ya akili. Kituo hicho kilipokea wavulana walioshindikana katika magereza ya vijana ya jimbo: wanaopigana, wanaowarushia walinzi uchafu, ambao kila adhabu iliwaongezea ukaidi. Waanzilishi wake waliuona mzunguko huo waziwazi. Kijana anafanya fujo, anaadhibiwa, anazidi kuchukia, anafanya fujo kubwa zaidi, hadi anabaki peke yake chumbani bila chochote cha kupoteza. Mendota waliukata kwa utaratibu ambao ukiusikia unaweza kuudharau. Mwenendo wa kila siku hupewa alama, na alama za leo ndizo zinazoamua kijana atapata nini kesho. Aliyeharibu Jumatatu anaweza kuanza kujirekebishia mambo Jumanne, na mtaalamu aliyetukanwa jana anarudi leo kuendelea na mazungumzo. Usalama na tiba viko chini ya usimamizi mmoja wa kitabibu, mlinzi asije akabomoa mchana kile ambacho mwanasaikolojia amekijenga asubuhi.

Utafiti wa kituo hicho uliwafuatilia vijana 248: 101 waliotibiwa Mendota, na 147 waliochunguzwa hapo kisha wakarudishwa katika taasisi za kawaida. Katika ufuatiliaji uliodumu kwa wastani wa zaidi ya miaka minne, kundi la pili lilihusishwa na mauaji 16. Kundi la kwanza halikuhusishwa na hata moja. Hesabu ya gharama nayo ilionyesha kwamba kila dola 1 ya ziada iliyotumika katika tiba iliokoa zaidi ya dola 7 za kesi na magereza. Mkosoaji atasema vijana hawakugawanywa kwa kura, na ana haki ya kusema hivyo; watafiti walijaribu kusawazisha tofauti za makundi kwa mbinu za takwimu, na mbinu hizo haziondoi shaka yote. Lakini shaka hiyo haitoshi kurudisha kauli kwamba hawatibiki. Kituo kilikuwa kinaletewa wale wabaya zaidi, si wale watulivu.

Pingamizi lingine ni kwamba tiba ya kulazimishwa si tiba. Hapa tutenganishe mambo. Mahakama inaweza kulazimisha kijana awepo. Haiwezi kumlazimisha ashiriki, na haipaswi kujaribu. Wengi wa vijana wa Mendota hawakuja kwa hiari, na waliokataa Jumatatu walialikwa tena Jumanne. Ukaidi ulihesabiwa kuwa sehemu ya ugonjwa unaotibiwa. Kwa familia za waliouawa na walioumizwa, ambazo uchungu wao hauna mizani na ambazo huenda zikaiona tiba kuwa upole, ningesema tu kwamba amri inayoweza kufika miaka 7 haiwezi kuitwa upole.

Pingamizi linaloniumiza kichwa kweli ni la wanasheria. Mwaka 1964 huko Arizona, Gerald Gault, mvulana wa miaka 15, alipelekwa katika shule ya marekebisho hadi afikishe miaka 21 kwa tuhuma ya simu ya matusi. Mtu mzima kwa kosa hilo angetozwa faini ndogo au kufungwa miezi isiyozidi miwili. Mwaka 1967 Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba nia njema ya dola haiondoi haki ya mtoto ya kuwa na wakili na kujitetea. Hofu kwamba nia njema ya dola inaweza kumfungia kijana kupita adhabu ya kosa lake ingali hai Uholanzi, ambako kuna vijana wanaokataa kuzungumza na wataalamu wa uchunguzi, wakati mwingine kwa ushauri wa mawakili, wakikwepa amri ambayo mwisho wake hawauoni. Siwalaumu. Katika miaka ya karibuni uhaba wa wafanyakazi katika taasisi za vijana za nchi hiyo umewaacha baadhi yao vyumbani kwa saa nyingi huku programu zikiahirishwa. Kijana aliyefungiwa chumbani hatibiwi, hata kama hati yake inasema vinginevyo.

Kwa hiyo mwendesha mashtaka anapoomba amri irefushwe, jaji asiishie kuuliza kama kijana bado ni hatari. Aulize alipata vikao vingapi, na nani, na ni vingapi vilifutwa kwa kukosa watu. Ikibainika kwamba taasisi ndiyo iliyoshindwa, muda uliopotea usiandikwe katika hesabu ya kijana. Tangu mwaka 2014 swali hili limekuwa zito zaidi, kwa kuwa sheria ya Uholanzi inaruhusu PIJ iliyofikia ukomo wake igeuzwe kuwa amri ya watu wazima, TBS, ambayo inaweza kurefushwa tena na tena. Naikubali njia hiyo kwa wachache ambao hatari yao ni ya kweli na tiba yao ilitolewa kikamilifu ikashindikana. Kwa kijana aliyengoja tiba isiyokuja, mahakama ikatae kuigeuza.