Tuulize walikuwa wanalipwaje



Kuna aliyesema hapa kwamba benki za Marekani zilianguka 2008 kwa sababu ya tamaa. Sawa, ila tamaa ipo kila mwaka, hata Kariakoo ipo. Mbona benki hazianguki kila mwaka? Mimi nasema tuangalie watu wale walivyokuwa wanalipwa.

Chukua wakala wa mikopo ya nyumba. Kamisheni yake anaipata mkopo ukishasainiwa. Mteja akishindwa kulipa miaka miwili baadaye, si shida yake tena. Ndo maana kuna watu walikopeshwa bila hata kuulizwa ushahidi wa kipato! Benki nayo haikai na mkopo huo: inauuza Wall Street, unachanganywa na mingine maelfu, zinatengenezwa hati, zinauzwa tena. Na kampuni zinazozipa hati hizo alama za ubora, kama Moody's, zinalipwa na nani? Na muuzaji. Yaani mwanafunzi anamlipa mwalimu anayesahihisha mtihani wake, na mwalimu akibana, anahamia kwa mwingine.

Kila mmoja pale alifanya lenye faida kwake. Hukuhitaji hata mwizi.

Lehman Brothers ikafilisika 15 Septemba 2008. Kesho yake serikali ikaiokoa kampuni ya bima ya AIG kwa mkopo wa dola bilioni 85. Machi 2009 AIG hiyohiyo ikagawa bonasi za dola milioni 165, kwa kitengo kilekile kilicholeta hasara. Wakajitetea kwamba mikataba ndivyo inavyosema. Na kweli ilisema hivyo, ndo tatizo lenyewe.

Msidhani haikutufika. Bei ya pamba ilishuka, na Juni 2009 Rais Kikwete akatangaza mpango wa shilingi trilioni 1.7 kunusuru uchumi, pamoja na kufidia hasara za wanunuzi wa pamba. Mkulima wa Shinyanga bonasi ya New York hakuwahi kuiona.

Kwa hiyo kwenye sera yetu tusiishie kusema mafisadi wafungwe. Bonasi za wakubwa wa benki zishikiliwe miaka kadhaa, mikopo ikiharibika wasizipate. Na benki inayouza mkopo ibaki na sehemu yake. Marekani waliweka asilimia 5 kwenye sheria ya 2010, halafu wakaruhusu misamaha kibao. Yetu tuiandike bila misamaha.

Haya, maswali. Tuanze na dada pale nyuma.