Tovuti ya Jarida Ipimwe kwa Msomaji Wake

(Nakala ya mhadhara uliotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za misikiti)

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Amma ba'ad.



Tumeombwa na ndugu zetu wa jumuiya jirani tutoe rai juu ya tovuti ya jarida lao, kabla fundi hajakabidhiwa malipo ya mwisho. Fedha hizo ni sadaka za waumini, zikiwemo shilingi za akina mama wauza vitumbua. Kwa hiyo kufaa au kutofaa kwa tovuti hii si suala la mapambo, ni suala la amana.

Wengi walioiona waliisifu. Ukurasa wa mbele una picha ya kuba la msikiti jua likizama, na vichwa vya habari vya rangi ya dhahabu. Lakini waliosifu waliitazama tu, hawakuwa na haja nayo. Tuliona njia ya haki ni kumpa msomaji haja, kisha kunyamaza na kumwangalia. Mtaalamu wa fani hii, Jakob Nielsen, aliandika mwaka 2000 kwamba wasomaji watano wakipimwa hivyo hutosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro. Nasi tukawaita watano: mzee wa darsa la Alfajiri, mwalimu wa madrasa, mama mwenye duka, kijana wa sekondari na dereva wa bodaboda. Kila mmoja alitumia simu yake. Tukawaomba watafute kiwango cha zakatul-fitri kilichotangazwa Ramadhani iliyopita.

Wawili hawakufika popote. Picha ya kuba ni nzito mno, na bando la dereva liliisha kabla ukurasa haujafunguka. Kijana aliangukia faili la jarida zima, limepangwa safu tatu kama gazeti la karatasi, ikawa kila mstari ni kusogeza kushoto na kulia. Mzee alisema haoni kitu, na hakukosea. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2008 unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Dhahabu ile juu ya weupe haikufika hata nusu.

Aliyefika ni mwalimu. Alisoma kiwango, akafurahi, akachukua kalamu akiandike. Kilikuwa cha miaka ya nyuma! Makala haikuwa na tarehe, ya Hijria wala ya Miladia.

Ndugu zetu, tulitue hili. Jarida la karatasi hubeba tarehe katika jalada lake. Makala ikikatwa na kuwekwa peke yake katika intaneti, hupoteza jalada hilo. Bei ya pishi ya mchele hupanda. Wale wanaotoa thamani badala ya chakula (khitilafu hiyo hatuingii leo) wangetoa pungufu, wakadhani dhima imewatoka, na anayepunjwa ni maskini. Yanayosemwa hapa yanahusu pia nisabu na matangazo ya kuandama mwezi.

Kasoro ya pili kwa uzito ni aya za Qur'ani. Herufi za Kiarabu zimeachana, na baadhi ya mistari imegeuka, inaanzia kushoto. Fundi alijitolea kuziweka aya kama picha. Hilo hutuliza macho tu: picha haitafutiki, na programu inayomsomea kipofu haiwezi kuitamka. Mfumo wa Unicode umebeba herufi za Kiarabu tangu mwaka 1991, basi kinachotakiwa ni kuutumia ipasavyo.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, aliliandika kwa Kiarabu na Kiswahili pia, ili asiyejua Kiarabu asibaki nje. Tovuti hii imewaacha nje watu wanne kati ya watano.

Rai yetu: malipo ya mwisho yazuiliwe. Kila makala ipewe tarehe zote mbili na jina la mwandishi, aya ziandikwe upya na zikaguliwe na hafidhi, picha zipunguzwe uzito, na makala zisomeke bila kupakua jarida zima. Kisha waitwe wasomaji wengine watano, kabla ya Shaabani kumalizika, kwani maswali ya zaka huzidi Ramadhani.

Wabillahit-tawfiiq.