Hotuba ya Mwenyekiti: Moshi Usiingie Kikaoni



Leo tunatimiza miaka 10 ya kuweka akiba. Tuseme kweli: Tabora ni mkoa wa tumbaku, na fedha nyingine zilizoingia kwenye sanduku letu zimetoka kwenye mashamba hayo. Hatufichi. Lakini sheria ya tumbaku ya mwaka 2003 haikukataza kulima. Ilikataza kuvuta sigara mahali kama hospitalini, kwenye nyumba za ibada na kwenye vyombo vya abiria. Zamani mtu akiwasha sigara ndani ya basi, sisi tulifungua dirisha tukanyamaza. Leo tunamwambia azime, na sheria iko upande wetu.

Tatizo, sheria hiyo haiingii chumbani. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa sigara za wengine unaua zaidi ya watu milioni 1 kila mwaka. Mtoto anayelala na mvutaji anavuta naye, ila hawezi kukataa.

Hata sisi yalitukuta. Miaka ya kwanza tulikutania sebuleni kwa mwenzetu. Mzee wa nyumba anavuta, wajawazito wanakohoa, nasi tunaona haya kwa kuwa nyumba ni yake. Mwisho tukamwomba kwa heshima. Akachukua kiti chake akatoka nje, wala hakukasirika!

Basi akina mama, nyumbani tusingoje askari. Anayetaka kuvuta atoke nje, mbali na watoto. Tuombe kwa adabu, lakini tuombe.