Sauti Isiyofika Nyuma

Wahitimu wetu wa leo, mtu wa hapa Omurushaka mwenye haraka ya kufika Dar es Salaam hushuka Kyaka, akafika Bukoba, akapanda ndege kando ya ziwa. Ndiyo maana ajali ya Novemba 6, 2022 si habari ya ugenini hapa. Ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, iliyotoka Dar es Salaam na watu 43, ilianguka Ziwa Victoria asubuhi ile ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Walikufa 19, marubani wote wawili wakiwamo. Wachunguzi wa serikali walieleza baadaye kwamba mtambo wa kuonya ukaribu wa ardhi ulitoa onyo mara tatu kuwa ndege inashuka kwa kasi mno, na mwendo ule haukurekebishwa.

Mtambo huo si pambo. Desemba 1, 1974 ndege ya abiria iligonga mlima katika jimbo la Virginia, Marekani, ikaua wote 92, na mwezi uleule Marekani ikaagiza ndege kubwa za abiria ziufunge. Hupima kwa mawimbi ya redio umbali uliobaki hadi chini, na ule wa kisasa hulinganisha pia na ramani ya milima. Lakini hebu tazameni unasemea wapi. Unasemea mbele, masikioni mwa watu wawili. Mhudumu wa ndege wakati wa kutua amekaa kwenye kiti cha kukunja, mkanda umembana mabega, mapangaboi yananguruma, na mlango wa marubani umefungwa. Amekwisha kagua mikanda ya abiria. Hajui kama kuna sauti iliyolia. Hata hivyo ndege ikianguka, kazi ya kuwatoa watu ni yake. Pale Bukoba pua ilizama, na njia ya uhai ikawa mlango wa nyuma, uleule ambao abiria wa ATR huupandia. Wavuvi wakawahi kwa mitumbwi. Kwa hiyo anayesikia onyo huwasikilizia pia wasiolisikia, na kulipuuza si haki yake peke yake.

Atatokea wa kusema kwamba mitambo hudanganya. Ni kweli, ya zamani ililia ovyo hata marubani wakaichoka. Lakini Mei 9, 2012 rubani wa Sukhoi Superjet katika Mlima Salak, Indonesia, alipoonywa aliamini kosa ni la ramani ya mtambo, akaunyamazisha. Walikufa 45, na wachunguzi walikuta kwamba kama angegeuza ndani ya sekunde 24 tangu onyo la kwanza, wangepona. Kupanda juu kwa onyo la uongo hugharimu mafuta na dakika kadhaa za abiria kununa. Mwingine atasema tunawasimanga marehemu wasioweza kujitetea. Pingamizi hilo lina uzito kuliko la kwanza. Marubani wale walikuwa katikati ya mvua na wingu, wakiitafuta lami kwa macho, na akili iliyoshikwa na jambo moja huweza kupitwa na sauti iliyo karibu kabisa. Hilo linatutaka tuwahurumie. Haliondoi wajibu, bali linatueleza kwa nini mwitikio wa onyo hufanyiwa mazoezi mapema, mpaka mkono uvute usukani kabla ya mabishano kuanza.

Nanyi mtakuwa mnakaa mbele mara nyingi kuliko mnavyodhani. Fundi anayesikia breki za Coaster zikisaga, nesi anayeona jina kwenye chupa ya damu halilingani na la mgonjwa: abiria na mgonjwa hawajui lolote. Na mkubwa wenu akiwaambia "endelea tu", mrudieni kwa heshima, mara ya pili na ya tatu. Safari yenu ya kwanza kutoka Bukoba, mhudumu akisimama kuonyesha milango, tafadhali wekeni simu chini mmtazame, kisha hesabuni viti kutoka mlipo hadi mlango wa nyuma.