Kipimo cha Mtoto wa Kilo Tatu

Msikilizaji, kabla ya Julai 2025 hapakuwa na dawa ya malaria iliyoidhinishwa mahususi kwa kichanga mwenye uzito wa chini ya kilo nne na nusu. Muuguzi alichukua kidonge cha mtoto mkubwa, akakigawa kwa wembe, akakadiria. Lakini ini la kichanga bado halijakomaa, halivunji dawa kama la kaka yake. Kipimo kikizidi, humdhuru.

Mwezi huo Uswisi iliidhinisha dawa mseto ya vichanga, huku Kenya, Tanzania na Uganda zikishiriki tathmini yake. Kidonge huyeyuka hata katika maziwa ya mama. Tumechelewa mno, nami nasema kwa uchungu: watoto hawa waliachwa nje ya utafiti kwa kisingizio cha kuwalinda. Sasa kidonge hicho kifike zahanati za vijijini.