Plaiwudi ya Japani na ya Marekani

Hadi miaka ya 1980, Japani iliagiza magogo ya misitu ya tropiki na kutengeneza plaiwudi katika viwanda vyake yenyewe. Mwaka 1985 Indonesia ilipiga marufuku kuuza magogo nje, na Japani ikaanza kununua shiti zilizokwisha kutengenezwa, kutoka Indonesia na baadaye Malaysia. Nyingi ziliishia kuwa kalibu za kumiminia zege: zege likikauka shiti hubanduliwa, hutumika tena mara chache, kisha hutupwa. Ni matumizi ya kusikitisha kwa mti uliokua miaka mingi. Tangu miaka ya 2000 viwanda vya Japani vimegeukia miti ya nyumbani, hasa mwerezi uitwao sugi, na uagizaji umepungua.

Marekani ina mkondo mwingine, kwani uagizaji wake hupanda na kushuka pamoja na ujenzi wa nyumba. Plaiwudi ya kutengenezea makabati ilitoka zaidi China, hadi ushuru mzito ulipowekwa Januari 2018. Wanunuzi wakahamia Vietnam na Indonesia. Mwaka 2023 Wizara ya Biashara ya Marekani iliamua kwamba baadhi ya plaiwudi ya Vietnam, iliyounganishwa kwa malighafi ya China, ilikuwa ikikwepa ushuru huo.